Filta Ndogo kwa Lenzi Kubwa

Mabanga, dukani

Sifa, mwanangu, mama wangu,

Ninakuandikia nikiwa nimekaa nyuma ya kaunta, na wewe uko nyumbani, hatua mia mbili kutoka hapa, unafunga mizigo. Najua ni kichekesho mzee kumwandikia barua mtoto ambaye angeweza kumwita kwa sauti akaja. Lakini wiki nzima nimejaribu kwa mdomo nikashindwa. Jumatatu nilianza, nikajikuta nakueleza jinsi ya kusoma namba iliyo mbele ya lenzi. Jumatano nikaanza tena, nikaishia kwenye bagi, zile pete za chuma za kuunganishia filta. Jana ukanicheka mbele ya shangazi yako: "Papa, muji yote iko naungua, weye uko tu na mamilimita!" Nikacheka na mimi. Kisha nikatoka nje, nikasimama nyuma ya choo nikalia.

Kwa hiyo hapa hutakuta habari za kuchemsha maji, wala za kuficha karatasi zako njiani, wala za wanaume wa Butembo. Hayo shangazi yako amekwisha kukuimbia mpaka umechoka. Mimi nina jambo moja tu, nalo lazima likufikie kabla wewe hujafika Kisoro.

Unajua kwa nini unaondoka. Tangu waasi waingie mjini hakuna harusi, na mtu asiye na harusi za kurekodi ana nini cha kufanya na kamera? Ndege hazitui. Barabara ya Butembo imekatwa na mapigano, ndiyo maana unazunguka kote huko Uganda, ulale Kisoro kwa Mama Devota, kisha Kasindi, kisha Beni, mpaka kwa baba yako mdogo Kakule aliyekutafutia chumba cha studio. Sina neno la kukuzuia. Nikikuambia baki, utaniuliza nibaki kwa nini.

Mama Devota alinipigia simu wiki iliyopita. Unamjua kwa sauti tu, yule mama wa Kisoro anayekuuliza kila Noeli kama umekua. Alikuwa jirani yetu wa Murara kabla hujajua kutembea. Hakunisalimia sana. Alisema: "Kasereka, mutoto anakuya kulala kwangu. Ulimwambia?" Nikaanza kumuuliza habari za barabara. Akasema: "Miye niko muzee sasa, siwezi kufa na maneno ya batu wengine kwa kifua. Akifika hapa na haujamwambia, nitamwambia miye." Nikamwomba anipe siku chache. Akajibu, "Nilishakupa miaka yote ile," akakata.

Nilikuambia tangu utoto kwamba mama yako Josefina alikufa kwa moshi, siku ile mlima wa moto ulipopasuka, huko kwenye mpaka, wakati mimi nimekwenda kumbeba bibi yako. Sifa, bibi yako siku ile alikuwa Butembo. Hata harufu ya moshi hakuisikia. Kakule anajua hilo, wake zake wanajua, watoto wake wanajua. Njia ya mwongo ni fupi, na ya kwangu imeishia kwenye safari yako, kwa sababu ukivuka Kisoro utakutana na ukweli, na ukiuruka huko utaukuta Butembo unakungoja mezani. Nataka uusikie kwangu kwanza. Hiyo tu ndiyo heshima iliyonibakia.

Nivumilie, lazima nipitie kwenye filta. Nimejaribu kuizunguka na sikupata njia.

Kamera yangu ya wakati ule ilikuwa ndogo, ya kushika kwa mkono mmoja, na mdomo wa lenzi yake ulikuwa milimita arobaini na tatu. Ilikuwa na filta yake ya arobaini na tatu vilevile, kioo safi kisicho na rangi, kazi yake kupokea vumbi na mate ya walevi badala ya lenzi kupokea. Niliipenda kamera ile mpaka mama yako akaionea wivu. Alikuwa mtu wa Rutshuru, mwenye maneno machache, lakini akiyatoa yanakaa. Nilipokuwa naifuta jioni na kile kitambaa laini alikuwa anapita nyuma yangu anasema, "Hiyo ndiyo bibi mukubwa. Miye niko wa pili." Nilikuwa naona ni utani. Ulikuwa utani, lakini si wote.

Wewe ulikuwa na wiki chache tu nilipopata harusi moja hapa Mabanga. Palikuwa na vumbi jingi, filta ikachafuka, nikaitoa kuifuta. Wakati huo bibi harusi akaanza kushuka kwenye gari, watu wakapiga vigelegele, na mimi nikairudisha filta mbiombio huku naangalia gari. Uzi, ile mistari ya mzunguko ya kufungia, haukushika sawa. Nilisikia kabisa kwamba umekwenda upande. Mkono unajua mambo haya kabla ya kichwa. Ningerudisha nyuma nusu mzunguko, ningeanza upya taratibu, ingeingia. Lakini bibi harusi alikuwa anashuka, nami nikalazimisha. Nikakaza kwa nguvu zangu zote. Ikakwama pale imeinama upande mmoja, na jioni nilipoitoa kwa koleo, kioo kikavunjika na chuma kikapinda.

Haraka haraka haina baraka, tunaimbishwa hilo tangu tukiwa wadogo, na hakuna anayelisikia siku ya harusi. Wewe usikaze kitu kinachokukatalia. Kwanza zungusha kinyume mpaka usikie kile kimlio kidogo cha uzi kuangukia mahali pake, ndipo uanze kufunga kwa vidole viwili tu. Nilikuonyesha Jumatatu ukasema unajua. Unajua kweli, umenishinda kwa mikono, lakini sikuwa nafundisha, nilikuwa natafuta mlango wa kuanzia.

Hapakuwa na filta nyingine ya arobaini na tatu mjini. Nikawa nangojea mtu wa kuniletea kutoka Kampala, na kila aliyekwenda alisahau. Dukani nilikuwa na filta moja ya thelathini na saba ya kamera yangu ya zamani, na katika sanduku la bagi kulikuwa na moja ya kushusha, upande mmoja arobaini na tatu, upande wa pili thelathini na saba. Nikaifunga. Ikakaa vizuri, imeshikana, ukiitazama kwa nje huwezi kuona kosa. Lakini filta ndogo mbele ya lenzi kubwa inaonekana ndani ya picha yenyewe. Pembe nne za picha zikawa nyeusi.

Nililiona hilo. Nataka ujue kwamba nililiona. Harusi iliyofuata, familia ilikaa sebuleni kuitazama kaseti kama wanavyofanya, shangazi wote, watoto chini kwenye mkeka, na shangazi mmoja wa bwana harusi alikuwa amesimama pembeni sherehe nzima. Hakuonekana hata mara moja. Unawajua watu wetu: asiyeonekana kwenye kaseti ya harusi hakualikwa, hata kama alikula kuku mzima. Alikuja dukani na dada zake wawili. "Nilivaa kitenge mupya, nilicheza mpaka kiatu kikakatika. Sasa niko wapi? Niko wapi, Papa Sifa?" Niliwapoza na soda. Walipoondoka nikamwigizia mama yako yule shangazi anavyojitafuta kwenye televisheni, tukacheka mpaka wewe ukaamka. Mama yako alipomaliza kucheka akasema, "Lakini umutengenezee, Kasereka. Iko vibaya mutu kukuwa pale na asionekane." Nikasema nitatengeneza. Sikutengeneza. Niliwaambia tu wateja wasimame katikati.

Halafu mlima ukapasuka.

Umesimuliwa siku ile na watu wengi, kila mmoja ana yake, kwa hiyo sitakueleza ardhi ilivyotetemeka. Ilikuwa mchana. Wakati ule pia tulikuwa chini ya waasi, wengine, wa majina mengine, na watu walikwisha kuzoea kukimbia. Kila nyumba ilikuwa na kifurushi nyuma ya mlango. Tulitoka Murara mimi, mama yako, wewe mgongoni kwake, na Mama Devota na watoto wake. Njia yote ilikuwa magodoro na mbuzi na watu. Tulikuwa tunaelekea mpakani, tuvuke Gisenyi. Tulipofika kwenye kona moja yenye kanisa, nikasimama.

Kamera ilikuwa dukani, na duka langu wakati ule lilikuwa katikati ya mji, upande wa pili. Nikamwambia mama yako: "Ngojeni hapa. Nakwenda kuchukua kamera, narudi sasa hivi."

Hakulia wala hakunizuia. Alisema, "Kamera? Leo?" Nikamjibu kwamba jambo la namna hii haliji mara mbili katika maisha ya mtu, na kwamba dunia nzima itataka kuiona kaseti hiyo. Kwa kweli nilijiona mtu mkubwa pale barabarani. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na saba, nilikuwa na mke na mtoto wa miezi miwili, nikawaacha kwenye kona na kuondoka mbio. Kilichomfanya akubali nakijua. Kwao Rutshuru, katika vita vyote walivyopita, watu waliopotezana ni wale ambao mmoja alihama mahali alipoambiwa angoje. Baba yake alimfundisha hivyo: ukiambiwa hapa, kaa hapa, atakayekutafuta atakutafuta hapa. Mimi nilijua kwamba atakaa. Ndiyo maana nilikimbia bila wasiwasi.

Ningechukua kamera tu na kurudi, Sifa, ningemkuta. Nimepima njia ile kwa miguu mara nyingi baadaye, juu ya moto wa mlima uliopoa ukawa jiwe, na kila mara nafika kwa wakati. Lakini majivu yalikuwa yameanza kuanguka, na mimi nikaanza kuhofia lenzi. Nikasema siwezi kutoka na lenzi tupu kwenye majivu haya, yatakwaruza kioo. Filta ilikuwa mezani, nimeifungua kuifuta, lakini bagi yake haikuwapo. Nikalimwaga sanduku lote sakafuni, nikapiga magoti nikichagua. Nikajaribu moja, ikakataa, nikajaribu nyingine, ikawa kubwa. Nje watu wanapiga makelele, na baba yako yuko chini ya meza anasoma namba kwenye vyuma vidogo. Nilipoipata ile ya kushusha nikaifunga taratibu, kwa vidole viwili, bila haraka hata kidogo. Siku hiyo nilikuwa nimejifunza somo la harusi.

Nilipotoka, barabara ya kurudia haikuwapo tena. Moto ulikuwa umeshuka ukaikata, mweusi juu, mwekundu kwenye nyufa, unatembea polepole kuliko mzee, na hakuna wa kuusimamisha. Watu walikuwa wamejaa pande zote mbili wakiitana majina. Na mimi nikainua kamera.

Wenzangu walikuwa wanatafuta wapi pa kuzungukia. Wengine walipata, juu zaidi, kabla njia haijafungwa kabisa; baadaye nilionana nao, wako hai na familia zao. Mimi nilirekodi. Kaseti inaonyesha dakika kumi na moja. Nilikuwa nimebana jicho kwenye kile kidirisha cha kamera, ambacho kwa kamera za wakati ule kinaonyesha picha bila rangi, na niliacha lenzi imepanuka kabisa kwa sababu nilitaka moto wote uenee. Wewe ni mtu wa kazi hii, unajua maana yake. Weusi wa pembeni unakuja ukipanua. Ningevuta karibu kidogo tu, pembe zingefunguka.

Baadaye joto lilitusukuma, nikaenda na watu wa upande ule mpaka Sake. Siku ya tatu nilirudi nikavuka juu ya jiwe, bado linaunguza soli. Kona ya kanisa haikuwapo, wala kanisa. Nyumba yetu ya Murara ilikuwa chini ya jiwe, na picha zote za harusi yetu, na nguo zake zote. Nikavuka Gisenyi nikizunguka kwenye watu waliolala nje, nikiuliza, na nikamkuta Mama Devota ameketi chini na watoto wake, na wewe umelala miguuni pake. Nikakubeba. Nikamuuliza, "Mama yake?" Akasema moto ulipokaribia alimwambia mama yako waondoke, akakataa. Mama yako akakufungua mgongoni akampa Mama Devota. Akasema: "Peleka mutoto mbele. Miye niko nangojea baba yake, alisema anarudi."

Maneno hayo nimeyabeba tangu siku hiyo. Sasa nimekupa na wewe uyabebe, na ninajuta kukupa, na ningejuta zaidi kukunyima. Hatukupata mwili. Hakuna mtu aliyemwona baada ya hapo. Kaburi lile tunaloweka maua halina mtu ndani.

Unakumbuka mara ile nyingine, waasi walipoingia ukiwa darasa la nne? Nilikubeba mgongoni mpaka Mugunga, mtoto mkubwa hivyo, watu wakinicheka. Nyuma yetu duka lilivunjwa, wakachukua kamera zote mbili. Tulipokaa chini kupumzika ukaniuliza kwa sauti yako ndogo, "Papa, kwa nini hatukurudi kuchukua kamera?" Nami nikakupiga kofi. Ni kofi pekee nililokupiga maishani, na hukuelewa, na ulilia mpaka ukalala. Nisamehe kofi lile. Swali lako lilikuwa la mtoto, jibu ndilo lililokuwa langu.

Kitu kimoja hawakukichukua. Kaseti ya siku ile nilikuwa nayo ndani ya shati.

Sikuitazama miaka mingi. Niliitazama mara ya kwanza ulipokwenda shule ya bweni, nikiwa peke yangu nyumbani, na tangu hapo nimeitazama zaidi ya nilivyosali. Hakuna aliyeiona isipokuwa mimi. Kuna moto, kuna moshi, kuna watu wa ng'ambo wadogo kama mchele. Dakika ya saba, chini kulia, pale pembe inapogeuka nyeusi, kuna mwanamke. Amesimama karibu na moto kuliko wote. Ameinua mkono. Hapungi kama mtu anayeaga, ameuinua tu juu, kama mtu anayemwona anayemjua ng'ambo na anataka aonekane. Mkono unaonekana, na kipande cha kitenge cha njano kiunoni. Uso wote uko ndani ya weusi. Anakaa hapo muda wa kuhesabu mpaka ishirini, halafu mimi nasogeza kamera kushoto kufuata paa linaloanguka, na nikirudi hayupo.

Ningekuwa naangalia kwa macho yangu haya mawili, ningemwona. Ningekuwa na filta ya arobaini na tatu, leo ningejua. Nimekaa mbele ya televisheni nikisogeza kichwa huku na huku, kama yule shangazi niliyemcheka, nikijaribu kuchungulia nyuma ya weusi ambao niliuweka mwenyewe kwa mkono wangu.

Utaniuliza: Papa, hukujua mke wako alivaa nini siku ile? Hapa ndipo aibu yangu inapomaliza maneno. Sijui. Nilisimama mbele yake kwenye kona ile, nikamwambia angoje, na wakati namwambia nilikuwa tayari naangalia njia ya dukani. Mimi, ambaye kazi yangu ni kuangalia watu. Naweza kukuambia kitenge cha kila bibi harusi wa mwaka ule. Cha mama yako siku ile sikumbuki, na sikukumbuka hata siku ya tatu, nilipokuwa natembea Gisenyi nikiuliza watu kama wamemwona na wao wakiniuliza amevaaje.

Mwenye kukumbuka ni mmoja tu. Mama Devota alitembea naye kutoka mlangoni, alikupokea kutoka mgongoni mwake. Anajua. Nimeshika simu mara nyingi kumuuliza na nimeishia kumuuliza habari za magoti yake. Kwa sababu fikiria, mwanangu. Kama hakikuwa cha njano, basi yule wa kwenye kaseti ni mke wa mtu mwingine, na Josefina alikaa kwenye kona yake kama nilivyomwambia mpaka moto ukamfikia. Na kama kilikuwa cha njano, basi alitoka akanitafuta. Alivunja neno la baba yake kwa ajili yangu, akanipata, akainua mkono, na mimi nilikuwa nimesimama mbele yake nikilinda kioo. Nimeyapima haya mawili miaka yote hii na sijui niombe lipi.

Ndani ya mfuko wako wa kamera nimeweka filta ya hamsini na nane, ambayo ndiyo kubwa kuliko lenzi zako zote, na bagi za kupandisha, ili lenzi yoyote ndogo upate kuivalisha filta hiyohiyo kubwa. Sikuweka hata moja ya kushusha. Zile nilizokuwa nazo nilizitupa ziwani asubuhi. Na wakija tena huko Butembo, kwa maana watu wa vita wanafika kila mahali, na ukasikia watu wanakimbia, uache mfuko wote hapohapo ulipo. Usirudi. Usiseme dakika mbili. Shika mkono wa mtu uliye naye na umwangalie amevaa nini.

Sikuombi unisamehe kwa barua. Barua hii atakupa shangazi yako kesho ukiwa umekwisha kupanda gari, nimemwelekeza hivyo, kwa sababu nikikuona usoni unaisoma sitaweza kusimama. Utaona ni woga. Ni woga. Ukitaka kukasirika, kasirika, una haki yote, na usiharakishe kuimaliza hasira hiyo kwa kunionea huruma. Nilikulea kwa mikono yangu, nilijifunza kusuka nywele kwa ajili yako, nilikupenda kuliko pumzi, na yote hayo hayafuti kona ile.

Lakini kesho jioni, ukishakula, Mama Devota akishakuosha miguu na kukuambia unavyofanana na mama yako, naomba umuulize lile nisilothubutu. Muulize mama yako alivaa kitenge cha rangi gani. Kisha unipigie. Nitakuwa nimekaa hapa na simu mkononi. Kama kilikuwa rangi nyingine, iseme rangi yenyewe, nami nitashukuru. Kama kilikuwa cha njano, usiseme kitu, Sifa. Baki tu kwenye simu, nisikie unapumua, na usikate mpaka nikate mimi.

Baba yako,
Kasereka